Naomba ushauri: bahari inapanda, kamati yetu ianzie wapi?

Katibu wa Kamati
Wakuu, salaam. Zamani maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yaliishia ufukweni. Sasa yanaingia hadi uani kwa watu, na visima viwili vimegeuka chumvi. Tunatakiwa kuandika mpango wa kijiji, lakini kila kikao ni mabishano. Wengine wanataka ukuta, vijana wanataka mikoko, na wazee hawataki kusikia habari ya kuhama kwa sababu ya makaburi. Tuanzie wapi?

Mpimaji
Poleni sana, mkuu. Pimeni kwanza. Simikeni nguzo yenye alama za sentimita, na kila bamvua andikeni tarehe na kimo cha maji. Kati ya 1901 na 2018 bahari duniani ilipanda wastani wa sentimita 20, na kasi inaongezeka. Makadirio ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, hadi 2100 yanaanzia karibu sentimita 28 na kufika mita 1, kutegemea gesi joto tutakazoendelea kutoa. Kwa tofauti kubwa namna hiyo, msifunge mpango kwenye kalenda. Ufungeni kwenye nguzo: maji yakifika alama hii, tunafanya hiki, yakifika ile, tunafanya kile. Mpango wa London wa mlango wa Mto Thames umejengwa kwa wazo hilo.

Angalieni pia kama ardhi yenyewe inazama. Jiji la Jakarta, Indonesia, linadidimia kwa sababu ya kuvuta maji mengi mno chini ya ardhi, na kuvuta sana ndiko pia kunakoita chumvi visimani.

Mkazi wa Ukutani
Mimi nimeishi nyuma ya ukuta. Wimbi likiugonga hurudi na mchanga, ufukwe wetu ukakonda mwaka hadi mwaka. Majirani waliokuwa ukutani unapoishia ndio walioliwa zaidi. Mvua ikinyesha, maji yalikosa pa kutokea, tukafurika kwa upande wa nchi kavu! Kama lazima mjenge, mifereji iwe kwenye mchoro tangu siku ya kwanza.

Mama Mikoko
Vijana wana hoja, ila miche ikipandwa mahali panapozama muda mrefu hufa yote. Huko Demak, kisiwani Java, walijenga kwanza nyua za fito na matawi ndani ya maji ili zinase tope, mikoko ikaanza kujiotea. Muiachie pia nafasi kwa nyuma. Bahari ikipanda, mikoko husogea nchi kavu. Ikikuta nyumba, inakwisha.

Katibu wa Kamati
Asanteni mno. Na kuhama je?

Mpimaji
Wanakijiji wa Vunidogoloa, nchini Fiji, walihama 2014, kama kilomita 2 tu, ndani ya ardhi yao wenyewe. Kwa hiyo tengeni ardhi ya juu sasa, hata kama hakuna atakayehama leo, na zahanati au shule mpya isijengwe tena bondeni. Kuhusu makaburi, wazee ndio waulizwe wanataka yafanyweje, kabla ramani haijachorwa.

Katibu wa Kamati
Nitawafuata nyumbani mmoja mmoja, siyo kikaoni. Nguzo ya mbao itafaa?

Mama Mikoko
Mbao italiwa na wadudu wa baharini. Pakeni alama kwenye nguzo ya zege, na muiwahi bamvua ya mwezi mpevu.