Tupeane uzoefu: umekwenda kupima afya huku huumwi, ukakutana na nini?

Mgeni Njiani: Wakuu, kesho naenda kucheki afya. Siumwi popote. Mara ya mwisho kukaa mbele ya daktari nilikuwa mdogo, mama ndiye aliyejibu kila kitu. Wanauliza nini, wanapima nini?

Mbayuwayu: Uzito, urefu, presha, mapigo ya moyo, kifua. Ukiambiwa mkojo, ule wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati. Maswali ndiyo mengi: nani kwenu ana kisukari, nani alikufa ghafla, unavuta, unakunywa, unalala vipi. Sema ukweli. Hata mitishamba itaje, kuna inayogombana na dawa za hospitali.

Kijiti: Usile wala usinywe chochote toka usiku.

Bi Mkubwa: Kijiti, usimtese mtoto wa watu. Kufunga ni mpaka uambiwe, mfano sukari ya kabla ya kula, masaa 8. Maji anakunywa.

Kijiti: Mimi nilikatazwa hata maji.

Bi Mkubwa: Labda ulikuwa unaenda kupasuliwa.

Tausi: Mmenikumbusha mbali. Nilikwenda kujaziwa fomu ya kazi tu. Kichwa hakiumi, sina kizunguzungu, nimetoka nyumbani naimba. Daktari akapima presha, akanyamaza. Akahamia mkono wa pili, kimya. Akaniambia nikae, akatoka. Jamani, ule ukimya! Nilishawagawa watoto kwa ndugu, huyu kwa shangazi, yule kwa bibi. Aliporudi akapima tena: 190 kwa 120. Nikamwambia mashine yako mbovu, mimi mzima. Akanijibu kwa upole kwamba presha haina adabu ya kubisha hodi, wengi huijua wakishapooza. Nililia pale pale.

Nyundo: Hiyo ni hofu ya koti jeupe, presha inapanda kwa kumwogopa daktari tu. Ungepima nyumbani ungekuta sawa.

Tausi: Nyundo, nilipumzishwa, nikarudi siku nyingine, ikawa juu vile vile. Maneno kama yako ndiyo yanazika watu.

Nyundo: Hofu ya koti jeupe ipo, dada, sijaitunga.

Bi Mkubwa: Ipo, ndiyo maana inapimwa siku tofauti. Ikijirudia 140 kwa 90 kwenda juu, hiyo ni presha. Mgeni, kahawa na sigara acha nusu saa kabla, nenda haja ndogo, kaa dakika 5 umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, usiongee.

Chozi la Furaha: Pole Tausi. Unaendeleaje sasa?

Tausi: Nameza dawa kila siku, imeshuka. Siachi.

Mgeni Njiani: Na nguo wanavua zote?

Mbayuwayu: Sehemu inayokaguliwa tu. Omba muuguzi awepo, ni haki yako. Daktari akinyamaza, muulize ameona nini.

Chozi la Furaha: Kama ni mwanamke wa miaka 30 na kuendelea, ulizia na uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi.

Mgeni Njiani: Damu ni kidole au mshipa?

Kijiti: Inategemea kipimo. Kunywa maji, mshipa uonekane upesi.

Bi Mkubwa: Kumbe maji anakunywa!