MJADALA: Kapteni Kidd alikuwa haramia, au alitolewa kafara na waliomtuma?

mleta_mada
Wakuu, salaam. Tangu juzi nabishana na kaka yangu juu ya William Kidd, yule nahodha wa Kiskoti aliyenyongwa Wapping, London, tarehe 23 Mei 1701. Kaka anasema haramia ni haramia. Mimi nasema bwana yule alitolewa kafara. Naileta kwenu, mnipinge kwa hoja, matusi pelekeni kwenye mada za mpira.

Kwa wasiomjua: Kidd alikuwa na hati mbili za mfalme William wa Tatu. Moja ya kuteka merikebu za Wafaransa, maana Uingereza ilikuwa vitani nao. Ya pili ya kukamata maharamia. Chombo chake, Adventure Galley, kilikuwa na mizinga 34, na pesa za safari zilitoka kwa vigogo: Bellomont, Somers, Orford na wenzao. Mfalme naye akatengewa asilimia 10 ya kitakachopatikana. Mabaharia hawakuwa na mshahara. Usiponasa, huli.

Januari 1698, nje ya pwani ya India, akaiona Quedagh Merchant, imesheheni hariri, vitambaa na sukari. Akatweka bendera ya Ufaransa. Wale walipoiona wakadhani wamekutana na Wafaransa, wakatoa pasi ya Kifaransa, yaani hati ya kukilinda chombo kipite salama. Basi! Pasi ya adui mkononi, chombo halali yake. Kumbe nahodha wake Mwingereza, mali ya wafanyabiashara wa Kiarmenia, na sehemu ya mzigo ni ya mkubwa mmoja wa baraza la Aurangzeb, mfalme wa Mughal, dola iliyotawala India. Aurangzeb akaibana Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki pale Surat, bandari ya India, kampuni ikapiga kelele London, na vigogo wote wakamkana mtu wao.

Sasa sikilizeni. Kidd alikuwa na pasi mbili za Kifaransa, hii na ya chombo alichokiteka kabla. Alimkabidhi pasi hizo Bellomont, yule mfadhili wake, aliyekuwa gavana huko Marekani. Siku ya kesi akaziomba, hazikuonekana. Akanyongwa, kamba ya kwanza ikakatika, wakamrudisha juu. Mwanzoni mwa karne ya 20 pasi zikapatikana salama salimini kwenye nyaraka za serikali, London hiyo hiyo. Haki gani hiyo?

hakimu_wa_kijiwe
Mkuu, hizo pasi umezivaa kama hirizi. Tuseme zingeletwa kortini. Sheria ya ngawira ilikuwa wazi: chombo hakiwi chako kwa kuwa umekiteka. Unakipeleka kwa mahakama ya ngawira, ikikiri kwamba ni mali ya adui ndipo watu wagawane. Kidd aliuza sehemu ya mzigo huko huko pwani ya India, kisha akaenda Sainte-Marie, Madagascar, kituo cha maharamia, wakagawana. Hakimu hakuonekana, wala hakutafutwa.

Hapo Sainte-Marie alimkuta nani? Robert Culliford, haramia hasa, mtu wa aina ile ile ambayo hati ya pili ilimtuma akakamate. Hakumkamata.

Na Agosti 1697 alikuwa anafanya nini Bab el Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu? Anavizia msafara wa merikebu unaotoka Mokha, bandari ya Yemen! Merikebu ya kampuni ya Kiingereza, Sceptre, ndiyo iliyomkimbiza. Tafuta pasi ya Kifaransa hapo.

Halafu umemruka kimya kimya William Moore, mpiga mizinga wake. Oktoba mwaka huo walizozana, Kidd akamtwanga kichwani kwa ndoo yenye pete za chuma. Kesho yake Moore akafa. Kosa la kwanza alilohukumiwa ni hilo la kuua.

mleta_mada
Ndoo sina la kusema. Ila Culliford angemkamata na nani? Watu wake karibu mia walimhama pale pale wakajiunga na huyo huyo Culliford. Wewe ungebaki na vijana kumi na kitu ungemfuata?

hakimu_wa_kijiwe
Nisingeenda kutia nanga kwake.

mzee_wa_dau
Wanangu, mnaisema pasi kama cheti cha kuzaliwa. Mimi ujanani nilikuwa baharia wa jahazi. Nahodha wetu alikuwa na sanduku la mvule, ndani karatasi mbili za shehena ile ile, moja inasema tunatoka Pemba, moja inasema Tanga. Akija mwenye boti ya doria, nahodha anamtazama kofia kwanza, ndipo anafungua sanduku. Hao wa Quedagh Merchant walifanya hivyo hivyo. Zama zile chombo kilibeba pasi ya kila taifa lenye mizinga, unatoa inayofanana na bendera iliyo mbele yako. Kidd alilijua hilo, ndiyo maana akatweka ya Kifaransa. Aliitega pasi aipate.

Na kwetu mchezo huu ulianza mapema. Mreno alipofika aliuza pasi, cartaz, na chombo kisichokuwa nayo akakiteka au kukizamisha. Yeye aliita sheria. Mwaka 1697 Kidd yuko Komoro, Nzwani na Mwali, ameilaza merikebu anaikwangua huku watu wake kama hamsini wanakufa kwa maradhi, na wakati huo huo Waomani wameizingira Ngome ya Yesu Mombasa. Waulizeni Wareno waliokuwa ndani Muomani ni nani, watawaambia haramia.

bint_pate
Shikamoo mzee. Nashukuru, maana hawa wawili wanamgombania Kidd kama ndugu yao wa damu. Mimi nauliza ya mwenye mali. Ushahidi wa kortini unasema Waarmenia walimpa Kidd rupia 20,000 awaachie chombo, akakataa. Hawa watu walibeba pasi iwalinde, na pasi ndiyo iliyowaponza. Kidd alinyongwa, sawa. Na mali iliyokamatwa kwake Marekani ilikwenda wapi? Ikauzwa, na zaidi ya pauni 6,000 zikapewa hospitali ya mabaharia ya Greenwich. Mabaharia wa Kiingereza! Kwa hiyo mleta mada, hata ungeshinda kesi yako na pasi zikaonekana, Muarmenia angekuwa palepale, mali yake imeitwa ngawira halali.

mleta_mada
Dada, hilo sikulifikiria. Kaka yangu anasoma hapa bila kuchangia, namjua. Kaka, nakuachia ndoo na Sainte-Marie. Pasi siachi: waliozificha walikuwa na hisa.

hakimu_wa_kijiwe
Bellomont alizituma London, mkuu. Huko zilikopotea ndiko uanzie.