Naomba ushauri: kufufua gari dogo la plastiki la Lotus 72 nililolipaka rangi vibaya zamani

Habari zenu wakuu. Nimerudi kuunda magari madogo ya plastiki, mifano ya magari ya mashindano, baada ya miaka mingi, na safari hii mkono umetulia. Nimeitoa kabatini Lotus 72 ya kipimo cha 1/20 (urefu wake ni sehemu moja ya ishirini ya gari halisi), ile nyeusi yenye mistari ya dhahabu ambayo Emerson Fittipaldi alitwalia ubingwa wa dunia mwaka 1972. Naipenda mno, siwezi kuitupa. Shida ni rangi niliyoipaka kwa brashi nikiwa kijana: nene mpaka imeziba mistari ya maungio ya bodi.

Nimeloweka bawa la nyuma kwenye spiriti usiku kucha, nikalisugua kwa mswaki. Rangi ya juu imetoka, lakini kwenye kona rangi nyeusi bado imeng'ang'ania. Stika za maji (zile zinazoloweshwa kabla ya kubandikwa) zilikuwa zimegeuka njano. Nimeibandika karatasi yake kwenye kioo cha dirisha zipigwe jua, zimeanza kuwa nyeupe.

Je, bodi yenyewe niiloweke muda gani bila plastiki kudhoofika, au hapo nitumie msasa wa maji? Na nikipulizia vanishi ya laka juu ya stika kuukuu hivi, kupuliza kidogo kidogo kunatosha kuzuia zisikunjamane?

Natanguliza shukrani.