Utafiti juu ya ufundishaji wa sayansi Goma: tuupeleke kwa nani, na lini?

Mwalimu wa kemia, Goma:
Salamu, walimu wenzangu. Kazi yangu ya mwisho wa masomo ilihusu namna dioksidi ya kaboni inavyofundishwa katika sekondari za hapa mjini. Mtoto wa Goma au wa Sake anajua tangu nyumbani kwamba mazuku, yaani hewa mbaya itokayo ardhini, hutulia mabondeni na kwamba mbuzi akishuka humo harudi, lakini akiingia darasani anakariri CO2 kana kwamba ni kitu cha nchi nyingine, wala haambiwi kuwa ni gesi ile ile, nzito kuliko hewa. Nilipeleka nakala katika ofisi moja ya elimu. Ikapokelewa, ikapigwa muhuri, na tangu hapo ni kimya. Je, kuna njia ya kufanya utafiti wa namna hii uwafikie wanaoamua?

Inspekta mstaafu, Bukavu:
Ndugu mwalimu, pole; ila muhuri unathibitisha kupokea tu, hauthibitishi kusoma. Kazi iliyoandikwa kwa ajili ya watahini haimsaidii mtu ambaye, kabla mwaka wa masomo haujafunguliwa, anapaswa kuamua walimu wafundishwe nini upya. Mpelekee kurasa mbili: ulichokiona, unachopendekeza, gharama yake na atakayekitekeleza. Tena angalia unaomba nini. Programu ya taifa hubadilishwa Kinshasa, na safari hiyo ni ndefu. Lakini programu mpya za sayansi za darasa la 7 na la 8 zinamtaka mwalimu aanzie kwenye hali halisi ambayo mwanafunzi anaijua, kwa hiyo mazuku yanaweza kuingia darasani kesho bila saini ya mtu yeyote. Unachohitaji ni inspekta mmoja wa kuyaingiza katika vikao vya walimu, naye ungemhusisha tangu siku ulipochagua swali.

Mhadhiri, Goma:
Nakubaliana na mzee, isipokuwa kwa madarasa ya juu. Huko kinachotawala ni mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari: mradi maswali ni ya kuchagua jibu, mwalimu wa wahitimu hatatumia saa zake kwa mazuku, hata programu ikimruhusu.

Ningeongeza mlango ambao tunausahau. Ziwa Kivu limebeba takriban kilomita za ujazo 300 za dioksidi ya kaboni na 60 za methani, na mwaka 1986 ziwa dogo kuliko hili, Nyos la Kameruni, lilitoa gesi iliyoua watu wapatao 1,700. Mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, amri ya kuhama iliyofuata siku chache baadaye ilitaja pia hatari ya ziwa. Ni wangapi kati yetu walioielewa kutokana na kemia ya shuleni? Basi utafiti wako unawahusu pia wanaoandaa mipango ya maafa, na hao huenda wakausoma kabla ya watu wa elimu.

Mwalimu wa kemia, Goma:
Nashukuru sana. Sikuwahi kuwafikiria watu wa maafa. Kurasa hizo mbili niziandike kwa Kifaransa au kwa Kiswahili?

Inspekta mstaafu, Bukavu:
Kifaransa kwa ofisi, Kiswahili kwa walimu. Neno mazuku usilitafsiri popote. Wataalamu wa volkano wa nje nao wanaliandika hivyo hivyo.