Unga wa lishe wa nafaka mchanganyiko: upigwe marufuku au tunauonea?

KinuChaKati: Wadau, mahindi, mtama, ulezi, uwele, ngano, mchele, soya na karanga, vyote mfuko mmoja, eti dawa ya mtoto. Nasema upigwe marufuku sokoni. Nafaka sita ni wanga uleule mara sita. Soya inatiwa mbichi, mtoto anaharisha, mama anasingizia meno. Na Iringa, ghala la mahindi, utafiti wa 2022 ulikuta udumavu, yaani watoto chini ya miaka mitano walio wafupi kuliko umri wao, kama asilimia 57. Watu wa huko wanauza mayai wananunua soda!

Parachichi: Hapo kwenye soda umetukosea. Futa.

Fundi wa Mashine: Soya haina kosa, kosa ni mwandaaji. Maji yatokote kwanza, ndipo uitumbukize, dakika 20 hadi 30, umenye maganda, uanike, ukaange, usage. Karanga saga peke yake, kidogo kidogo, uitie uji ukikaribia kuiva. Ukiichanganya na unga wa mwezi mzima, mafuta yanachacha.

Parachichi: Tena anayeuza yai ndiye anayenunua daftari na mafuta ya taa. Soda mmeiona wapi?

KinuChaKati: Dukani, mkuu. Kreti hazikai.

Dada Lishe: Mnagombania soda wakati uji wenyewe ni maji. Mtoto wa kilo 8 tumbo lake linabeba kama mililita 240, kikombe kimoja tu. Uji ukitiririka kwenye kijiko kama chai, ameshiba maji. Upike mzito. Ukiwa mzito mno, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea cha ulezi (ulezi uliooteshwa, ukaanikwa, ukasagwa), utalegea wenyewe bila kuongeza maji, kisha uuchemshe tena. Halafu dagaa waliosagwa, au yai, na mboga ya majani. Nafaka moja inatosha.

Fundi wa Mashine: Kimea chenye ukungu je? Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Mmesahau Dodoma na Manyara 2016, watu walikufa? Punje zilizovunda zichambuliwe kabla ya kinu.

Mpita Njia: Wengine ni wafupi kwa kurithi jamani. Acheni kupima watu.

Dada Lishe: Kaka, ukoo unaweza kurithi ufupi, siyo nusu ya watoto wa mkoa. Chini ya miaka mitano watoto waliolishwa vizuri wanakaribiana urefu popote walipo. Ila vipimo navyo vina mambo: chini ya miaka miwili mtoto hulazwa kwenye ubao, mmoja ashike kichwa, mwingine anyooshe magoti. Akipima mtu mmoja, goti linakunjika, sentimita mbili zimepotea.

KinuChaKati: Kwa hiyo hiyo 57 ni magoti?

Dada Lishe: Sikusema hivyo! Wapimaji wa tafiti hufunzwa. Nasema kliniki za kawaida.

Mpita Njia: Na marufuku je, tumefikia wapi?

Parachichi: Kwanza afute ya soda.