Naomba ushauri: profaili za Maven, ya laptopu na ya seva
Wakuu habari za mchana, wajuzi wa Maven (zana ya kubildi programu za Java) naombeni msaada. Nina sistimu ya stoo ya duka moja la jumla hapa Kariakoo, kwenye pom.xml (faili la mipangilio ya mradi) nimeweka profaili, yaani seti ya mipangilio, ya laptopu yangu na ya seva ya mteja, kila moja na databesi yake, na nyingine inaitwa logi. Ya laptopu ina activeByDefault (inawaka yenyewe usipotaja nyingine), sasa nikibildi na -P logi, yaani kuwasha profaili ya logi, ile ya laptopu inazimika, kumbe ndo ilivyo, ukiwasha nyingine ya pom hiyohiyo, ile ya difoti inakufa (nani alifikiria hivi jamani). Nyie mnazitaja zote, -P laptopu,logi, au mnawasha kwa propati (thamani unayoipa Maven wakati wa kubildi)? Na paswedi mnaziweka wapi, settings.xml (faili la mipangilio ya Maven lililo nje ya mradi)? Maana kodi ya programu ipo Git (sehemu ya kutunza kodi kwa pamoja) na tunaishea watu wengi.