The Killing: hivi Linden na Holder wanasukumwa na nini?

Mkazi wa Sinza

Wanajukwaa, habari za jioni. Nimemaliza sizoni mbili za kwanza za The Killing, ile tamthilia ya upelelezi ya Marekani, na nina kinyongo nayo. Asiyeitazama aishie hapa, kwa maana nitataja mambo yote, muuaji akiwemo.

Malalamiko yangu hayahusu uigizaji wala mvua ya Seattle isiyokatika, bali yanahusu sababu za watu kutenda wanayoyatenda. Sizoni ya kwanza ina sehemu 13, na kila sehemu ni takriban siku moja ya upelelezi wa kifo cha Rosie Larsen, msichana wa shule. Mpelelezi Sarah Linden anapolipokea jalada hilo anakaribia kuhamia California na mwanawe Jack ili aolewe na Rick. Akiahirisha safari mara moja, ninamwelewa. Akiahirisha tena, ninavumilia. Lakini safari inapozidi kusogezwa mbele, mtoto akizidi kuachwa peke yake na mchumba akichoka, nami ninaanza kushuku kwamba anayemzuia asiondoke si marehemu bali ni mwandishi aliyebakiwa na sehemu za kujaza.

Holder, mpelelezi mwenzake Linden, ndiye aliyenikera zaidi. Tunajengewa picha ya kijana anayepambana kuachana na dawa za kulevya, tunampenda, halafu katika sehemu ya mwisho, iliyorushwa Juni 2011, analeta picha ya gari kwenye daraja la kulipia (mfano wa tunavyolipa Kigamboni), mgombea umeya Richmond anakamatwa, na dakika chache baadaye Linden anaarifiwa kwamba kamera za daraja hilo hazikuwa zikifanya kazi. Hiyo ni tabia ya mtu, au ni mtego wa kutufanya tusubiri mwaka mzima?

Binti Magomeni

Kaka, kuhusu Linden sikubaliani nawe. Mwanamke huyu hakulelewa na mama yake. Alikulia katika malezi ya kambo, na Regi, yule mwenye boti, ndiye aliyekuwa afisa ustawi wa jamii wake. Tunadokezwa pia kwamba kuna kesi ya nyuma iliyomvuruga akili, na ndiyo maana Rick anaogopa kila anapomwona ameganda mbele ya picha za marehemu. Mtu wa namna hiyo haahirishi safari kwa kuwa anaipenda kazi. Anaahirisha kwa sababu ndoa na nyumba yenye utulivu vinamtisha kuliko maiti, na hata kwa Jack anakuwa mama kwa simu zaidi kuliko kwa kuwapo.

Kosa ninaloliona mimi ni mpangilio. Madokezo hayo yanatolewa kwa kijiko, tena baada ya mtazamaji kukasirika. Wale wasimulizi wetu wanaotafsiri filamu kwa sauti wangeshamaliza tatizo hili katika sehemu ya kwanza: wangesema tu, "huyu steringi mnayemwona ana jeraha lake tangu utotoni", nasi tungemfuata kwa subira.

Mzee wa Tabata

Vijana wangu, nimeitazama pia ile ya awali ya Denmark, ya mwaka 2007, yenye sehemu 20. Huko mpelelezi Sarah Lund naye anataka kuhamia Sweden kwa mchumba wake Bengt, naye haendi, na sikumbuki kuudhika, kwa sababu Lund anaonyeshwa tangu mwanzo kuwa mtu asiyesikia anaposemeshwa. Wamarekani walichukua nguzo zilezile, yaani polisi, familia na siasa, kisha wakabadilisha muuaji. Ukimbadilisha muuaji huna budi kuzibadilisha sababu za kila mtu aliyemzunguka, na hapo ndipo nyumba ilipopata nyufa.

Mtazameni mwalimu wa Rosie, Bennet Ahmed. Anashukiwa kwa sehemu nyingi, jina lake na dini yake vikitumiwa kutuchochea, kumbe alichokuwa akikificha ni kumtorosha binti aliyekuwa akilazimishwa kuolewa. Ninaelewa kwamba alitaka kumlinda binti huyo. Lakini mtu mzima, msomi, ambaye mkewe ana mimba, anyamaze hadi baba wa marehemu ampige nusura amuue? Alikuwa na njia ya kumweleza mpelelezi mmoja faraghani. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko la Holder, kwa kuwa Holder sizoni ya 2 inamweleza: picha aliletewa na mtu aliyemwamini, akatumiwa bila kujua.

Mkazi wa Sinza

Shikamoo, Mzee. La Bennet umenisemea. La Holder bado linanikwama, kwa sababu maelezo hayo yalikuja mwaka uliofuata, na katika ile sehemu ya mwisho alionyeshwa akiingia garini na kumwambia mtu kwamba picha imefanya kazi, kwa sura ya mtu anayejua anachokifanya. Walitaka tumwone msaliti. Baadaye wakatuambia tulitazama vibaya. Na Terry, dada wa mama yake Rosie, je, mnamwelewa?

Binti Magomeni

Terry ndiye pekee ambaye sina neno naye. Jamie, msaidizi wa Richmond katika kampeni, alimshambulia Rosie kwa sababu alisikia mapatano ya siri kwenye kasino, na hiyo ni sababu ya kisiasa ya kawaida. Terry alitaka kuondoka na mpenzi wake, tajiri Michael Ames, akaona mipango inakwama kwa sababu ya msichana aliyefungiwa kwenye buti la gari, akalisukuma gari majini bila kujua kwamba aliyemo ni mpwa wake mwenyewe. Ukirudi nyuma utamwona akiwalea wadogo wa Rosie na kutamani maisha ya watu wenye fedha, hivyo mbegu ilikuwapo tangu mwanzo.

Mzee wa Tabata

Marahaba, kijana. Binti amesema kweli kuhusu Terry. Wewe endelea na sizoni ya 3 ya mwaka 2013, kwa kuwa inarudi kwenye ile kesi ya nyuma ya Linden. Sitasema anafanya nini mwishoni, ila safari hii utakapofika hapo hutauliza kwa nini. Utagombana naye kwa kuwa unajua kwa nini.